Kifua cha Mwokaji

Mume wangu hakuwa mwizi wa mbio. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asifike katikati akaanza kukisia. Siku ya mazishi yake, tukiwa tumeketi chini ya turubai, niliwasikia wanawake wawili nyuma yangu wakinong'ona. Mmoja aliuliza, "Ndiye yule mwokaji?" Mwenzake akajibu, "Ndiye huyo. Yule wa zile dawa." Sikugeuka. Nilimaliza kuzika kwanza. Lakini tangu saa ile niliazimia kwamba habari ya mwokaji na dawa zake nitaieleza mimi, niliyekaa naye tangu nywele zetu zikiwa nyeusi.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari, na kwetu kila mtu alikuwa na cheti cha kutundika ukutani. Yeye alikuwa na mikono. Alipokuja kuniposa, baba alimkazia macho akamwuliza, "Kijana, binti yangu utamlisha nini?" Akajibu, "Mkate, mzee." Baba alijaribu kununa, akashindwa. Shangazi zangu walisema nimejishusha. Hao hao baadaye ndio waliokuwa wakija na vikapu siku za Jumamosi, wakiuliza kama mkwe wao hakubakiza chochote.

Bekari alikofanya kazi ilikuwa nyuma ya karakana ya magari: chumba kirefu chenye paa la bati, ghala la unga upande mmoja, tanuri la matofali upande wa pili, na katikati meza iliyolainika kwa kukandiwa miaka mingi. Aliingia pale akibeba magunia, akaishia kuwa mkuu wa tanuri. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua kuanzia kiwikoni hadi kwenye kifundo, zimepangana kama mistari ya daftari. Kujua kama kinyunga cha mkate kimeumuka vya kutosha, alikibonyeza kwa kidole, kisha akabonyeza ndewe ya sikio lake mwenyewe. Vikilingana ulaini, kinaingia motoni. Alikuwa na mazoea hayo hata nyumbani: watoto wetu walipokuwa wachanga, aliwabonyeza mashavu, akashika sikio, akasema, "Huyu bado, mrudishe kwa mama yake."

Mbio alizianza akiwa mtu mzima. Alitoka kazini adhuhuri, akalala kidogo, na jioni hakupenda kukaa vijiweni kusema watu. Siku moja alifuatana na jirani yetu, fundi cherehani, hadi uwanja wa shule niliyofundisha, akarudi amelowa jasho na anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu. Klabu yao ilikuwa ya watu wa ridhaa: huyo fundi, karani wa benki, dereva wa basi, muuguzi mstaafu na wengineo. Walimpachika jina la Tanuri, kwa sababu alichelewa kupata moto, ila akishaupata hapoi. Karani ndiye aliyependa kumchokoza pale mwanzoni, alipobaki nyuma.

"Vipi Tanuri, kuni zimelowa leo?"

"Nyinyi tangulieni. Mkate mzuri haupikwi kwa pupa."

"Mwenzio nimeshaiva."

"Umeungua, hujajijua tu."

Na mara nyingi, kabla njia haijaisha, alimpita.

Kifua kilianza taratibu. Kila siku aliyochekecha unga alirudi akipiga chafya. Chafya zikashuka zikawa kikohozi, na kikohozi kikazaa mluzi mwembamba uliosikika kila alipovuta pumzi. Nilimpeleka zahanati mimi mwenyewe. Daktari, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alimsikiliza mgongo, akamwuliza kazi yake, akasema, "Hii ni pumu, mzee, na imetoka kwenye unga. Waokaji wengi wanaipata." Alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo kila siku, na vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kwa siku chache pale kifua kitakapobana sana. Akamtaka pia amweleze mwajiri wake, ili aondolewe ghalani.

"Hilo la mwajiri tuliache, daktari."

"Mficha maradhi, mzee..."

"Namjua anayemuumbua," alisema mume wangu akicheka, na kicheko kikamletea kikohozi.

Hakuwa mjinga. Pale bekari palikuwa na mkata mikate aliyewahi kukohoa mbele ya wateja. Tajiri, kama wote walivyomwita mwenye bekari, alimvua aproni kwa mkono wake, akamwambia, "Kifua kikuu hakiuzwi dukani kwangu." Vipimo vilionyesha kwamba hakuwa na kifua kikuu hata kidogo, lakini habari ya vipimo haina miguu kama habari ya kikohozi. Yule bwana akaishia kuuza mkaa. Basi tukabaki watu watatu tuliojua: mume wangu, mimi na daktari. Watoto hawakuambiwa. Akikohoa barazani, nilisema ni mafua.

Mwaka uliofuata mji uliandaa mbio za nusu marathoni, na kwa kuwa walialikwa wakimbiaji wa kulipwa, walikuja pia wapimaji wa dawa za kuongeza nguvu. Tajiri alikuwa mlezi wa klabu, na alijitolea mikate ya kugawiwa washiriki wote. Maana yake ni kwamba wiki ile mume wangu alishinda ghalani akichekecha. Kifua kikabana. Akarudi kwa daktari, akapewa vile vidonge vyeupe na kuambiwa avimalize vyote, asikatishe katikati hata akipata nafuu. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Cha mwisho alikimeza asubuhi ya mbio, mezani, huku akinisimulia jinsi karani alivyonunua viatu vipya vinavyombana.

Hakuna aliyetuambia kwamba vidonge vile haviruhusiwi siku ya mashindano. Daktari wa zahanati hutibu kifua. Haulizi kama kifua hicho kitakimbia. Na sisi tulijua kwamba dawa zinazokatazwa ni zile za sindano, za watu wenye misuli kama magunia.

Akashinda. Si mbio nzima, la, bali kundi la wenye miaka hamsini na kuendelea. Nilimwona akija, uso umekunjamana, mikono chini kama anayesukuma kitu kizito, na watu wa klabu wakiita, "Tanuri! Tanuri limewaka!" Tajiri alimpokea kwenye kamba ya kumalizia akamkumbatia mbele ya mpiga picha. Kabla hawajaachana, binti aliyevaa kizibao cha wapimaji akasogea kwa adabu.

"Hongera, mzee. Umechaguliwa kupimwa. Unaruhusiwa mtu mmoja wa kukusindikiza."

"Mimi hapa," alisema tajiri, kabla mimi sijafungua mdomo.

Nilisimama nje ya hema. Turubai haizuii sauti, nikasikia kila neno.

"Siku hizi chache umetumia dawa yoyote, mzee? Ya hospitali, ya dukani, ya mitishamba? Hata ya mafua?"

Nilijua mkono wa tajiri uko wapi, maana ulikuwa begani kwa mume wangu tangu kwenye kamba.

"Maji na mkate tu," mume wangu alijibu.

"Mkate wangu huo," tajiri akadakia. "Uandike."

Wote mle ndani wakacheka.

Majibu yalipokuja, yalisema mkojo wake umekutwa na steroidi. Mimi nililitambua neno, na nilipomsomea nilimwona akitazama mikono yake, kama vile anatafuta hiyo misuli ilikoota. Tukaenda kwa daktari. Akatueleza kwamba ndiyo, vidonge vile ni vya jamii hiyo, lakini ni vya kutuliza kifua, si vya kujenga mwili. Akatuonyesha pia mlango wa kutokea: mkimbiaji wa ridhaa mwenye ugonjwa wa kweli anaweza kuombewa ruhusa ya matibabu, hata baada ya kupimwa. "Nitaandika maelezo ya pumu yake," alisema. "Na wewe, Mwalimu, andika barua ya maombi."

Tulipofika nyumbani nilitoa karatasi nikakaa. Mume wangu alikuja akaweka kiganja chake juu ya ile karatasi.

"Usiandike."

"Jina lako litaoza."

"Ukiandika pumu, watasoma kifua kikuu. Na tajiri anakaa na hao hao watakaosoma." Alivuta kiti akaketi karibu yangu. "Jina likioza, tutakula. Tanuri likizimwa, tutakula jina?"

Binti yetu wa mwisho alikuwa bado chuoni, na mimi nilikuwa nimeshastaafu. Alijua kwamba nalijua hilo.

"Watakuita mwizi," nilisema.

"Waniite. Mwizi anaruhusiwa kuoka mkate. Mgonjwa haruhusiwi."

Nikamwambia kwamba katika ukoo wetu, wa kwake na wa kwangu, hajawahi kutokea mtu wa kuitwa mwizi. Akasema kwa upole, "Basi nitakuwa wa kwanza, na nitajitahidi niwe wa mwisho." Nilirudisha karatasi mahali pake. Kifua kilikuwa chake, na uamuzi ulikuwa wake.

Kamati ilikaa katika chumba kilicho chini ya jukwaa la uwanja wa michezo, pamoja na viti vya plastiki vilivyobebanishwa mpaka darini. Walikuwapo mwenyekiti wa chama cha riadha, katibu wake, na daktari wa michezo, kijana mwenye uso wa huruma. Mwisho wa meza aliketi tajiri, kwa cheo chake cha ulezi. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye benchi la ukutani.

Yule daktari kijana alijaribu. Mpaka leo namwombea heri. Aliinama mbele, akamtazama mume wangu machoni, akasema, "Mzee, majibu kama haya mara nyingi tunayakuta kwa wagonjwa, wala si kwa watu wabaya. Una tatizo lolote? Viungo? Ngozi? Kifua? Ukisema, kuna utaratibu wa kukusaidia."

Mume wangu alikuwa anazuia kikohozi. Niliona mishipa ya shingo ilivyosimama. Akamtazama tajiri. Tajiri naye akamtazama, kwa wema kabisa, kama mtu anayemngoja mtoto wake ajibu vizuri.

"Mimi ni mzima," mume wangu alisema. "Nilinunua vidonge mtaani. Niliambiwa vinatia nguvu."

Alifungiwa miaka miwili, na kosa lake likatangazwa uwanjani kwa kipaza sauti. Kikombe cha ushindi alikirudisha mwenyewe, kwa miguu, mchana, akipita barabara ileile waliyokimbia.

Tajiri hakumfukuza. Alisema binadamu huteleza, na mkate wake ulikuwa haujapata mshindani. Kwa hiyo hesabu ya mume wangu ilikuwa sahihi, na nilimheshimu kwa hilo. Lakini hesabu ilikuwa na upande wa pili. Dukani wateja walikuwa wakiuliza, "Huu ndio ule wa kuongeza mbio?" wakacheka. Dereva wa basi alisema mbele ya watu kwamba kumbe Tanuri lilikuwa linatiwa petroli. Karani wa benki, yule wa utani, hakusema chochote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa akikutana naye njiani anamsalimu kama anavyosalimiwa mteja wa benki.

Wifi yangu, dada yake, alifunga safari kuja kunihoji mimi.

"Wifi, umemlisha nini kaka yangu?"

"Anachokula ndicho ninachokula."

"Wewe msomi. Hizo dawa zenye majina marefu nani mwingine angezijua?"

"Wifi, kaka yako ana kinywa chake. Muulize."

"Nimemuuliza. Anasema mtaani. Kaka yangu mtaa gani anaujua, zaidi ya bekari na kitanda chake?"

Nilimkaribisha chakula. Alikula, akaondoka bila kuaga vizuri, na miaka yote iliyobaki aliamini kwamba doa lile limeingia kwao kupitia mlango wangu. Nililibeba. Niliona ni heri doa likae kwangu kuliko maradhi yake yakae midomoni mwa watu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba aliziacha dawa. Si vile vidonge tu, hata ile ya kuvuta. Nilidhani amezihamisha mahali, kumbe hakwenda tena kuzichukua.

"Ya kuvuta inaruhusiwa," nilimwambia. "Daktari kasema mwenyewe, na nikamsikia."

"Hata vidonge nilidhani vinaruhusiwa."

"Sasa hukimbii mashindano. Nani atakupima?"

"Nitakimbia tena." Alisema hivyo akiwa anafunga aproni, bila kunitazama. "Miaka miwili ikiisha nitakimbia, na watanipima, na hawatakuta kitu. Nataka damu yangu iwe maji matupu, Mwalimu. Hilo tu."

Nilibishana naye. Nilimleta daktari nyumbani, akabishana naye pia. Alimsikiliza kwa heshima, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi vilevile alivyokuwa. Jioni alikimbia peke yake kwenye njia ya nyuma ya makaburi, kwa sababu uwanjani hakutakiwa. Nilikuwa nikimsikia akirudi kabla sijamwona. Alikaa kwenye ngazi, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka mluzi upungue. Kisha alijibonyeza shavu, akashika sikio, akasema, "Bado kidogo." Niliacha kucheka utani huo.

Kifungo kikaisha, na mbio zikaja. Safari hii nilikwenda naye tangu mapema, na nilibeba maji. Alivaa fulana isiyo na jina la mtu. Wakimbiaji wa kwanza waliwasili, wakafuata wa kati, wakafuata wanawake wenye umri wangu, wakaja watu waliokuwa wanatembea na kuzungumza. Waliokuwa wakigawa maji walianza kukunja meza. Ndipo nilipomwona anakuja, akiwa ameshika ubavu, midomo imebadilika rangi. Hakuna aliyeita jina lake.

Alivuka kamba, hakusimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye hema la wapimaji. Kulikuwa na binti mwingine, si yule wa zamani, anapanga vitu vyake kwenye sanduku.

"Nimekuja kupimwa," alimwambia.

"Umechaguliwa, mzee?"

"Sijachaguliwa. Nimekuja mwenyewe."

Binti alitabasamu. Hakuwa na dharau. Alidhani ni utani. "Tunapima walioshinda, mzee, na wachache wanaotajwa kwa kura. Wewe umekuwa wa ngapi?"

"Sijui. Wa nyuma."

"Basi wewe huna neno. Nenda kapumzike."

"Mwanangu, nipime," alisema. "Mkojo ninao."

Yule binti akanitazama mimi, nikaona anataka nimsaidie kumwondoa mzee wa watu. Nilimwambia mume wangu twende. Hakukataa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa nje ya hema, akasema anapumzika tu, na akakaa pale mpaka hema likashushwa na kukunjwa na kupakiwa kwenye gari. Gari lilipoondoka ndipo aliposimama.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Walimleta mchana, wenzake wa bekari, kwenye gari la kusambazia mikate, amelazwa juu ya magunia matupu. Walikuwa wamepitia zahanati kwanza. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga, na mmoja wao alikuwa anajaribu kumfuta kwa kona ya aproni. Daktari alikuja nyuma yao kwa miguu. Alinishika mkono, hakusema methali yoyote.

Tajiri alikuja matangani akaketi kwenye kiti cha mbele. Akaniambia marehemu alikuwa mfanyakazi wa kweli, na kwamba lile kosa la mbio yeye alikwisha kulisamehe. Nikamwambia palepale, mbele ya wifi yangu na shemeji zangu wote, kwamba marehemu alikuwa na pumu, aliipata kwenye ghala la unga, na vidonge vile vilikuwa vya kumsaidia avute pumzi. Wifi aliweka kikombe chake chini.

"Mbona hakuniambia?" tajiri aliuliza.

Nikamwacha ajibu mwenyewe. Alikuwa na muda. Watu wa matanga hawana haraka.

Siku za maombolezo zilipotimia, nilikwenda na daktari mpaka chumba kile cha chini ya jukwaa. Mwenyekiti alisoma maelezo ya pumu tangu mwanzo hadi mwisho, akavua miwani. Alisema kanuni haziruhusu kesi ya marehemu kufunguliwa upya.

"Lakini, mama, mimi binafsi nakuamini."

"Sikuja kuaminiwa binafsi," nilimwambia. "Mlimtangaza kwa kipaza sauti. Mtangazeni kwa kipaza sauti."

Alivaa tena miwani, akakubali. Kwa uungwana huo, namshukuru.

Mbio zilizofuata nilikaa jukwaani na binti zangu, tumevaa vizuri. Wifi alikuja bila kualikwa, akaketi kando yangu. Kabla ya wakimbiaji kuruhusiwa, mwenyekiti alishika kipaza sauti, akamtaja mume wangu kwa jina lake kamili, akasema kwamba alikuwa mgonjwa wa pumu, kwamba dawa zilizokutwa kwake zilikuwa za matibabu, na kwamba alikuwa mtu mwaminifu. Maneno yalikuwa machache na yalikuwa ya kweli. Upepo ulichukua baadhi yake. Kule chini, wengi wa wakimbiaji walikuwa vijana, wageni kwa jina hilo. Walikuwa wakinyoosha miguu, wakifunga kamba za viatu, wakiulizana saa. Mmoja alimwuliza mwenzake nani anasemwa, na mwenzake akainua mabega. Karani wa benki peke yake ndiye aliyesimama wima, kofia mkononi, amegeukia tulipokaa.

Kisha honi ikalia, nao wakaondoka.